Lisome gari kabla ya kulilipia



Msimu wa korosho ukifika, fedha huingia vijijini kwa mara moja. Minada huanza mwezi wa Oktoba. Chama cha msingi hupeleka korosho ghalani, wanunuzi hushindana kwa bei, na malipo ya mkulima huingia benki. Utaratibu huu wa stakabadhi ghalani ulianza mkoani Mtwara mwaka 2007. Basi mkulima wa Chiwata, ambaye juzi alikuwa akikopa sukari dukani, leo ana milioni kadhaa. Wauzaji wa magari wanalijua jambo hilo. Novemba na Desemba ni miezi yao ya mavuno.

Mwezi huu tuzungumze juu ya gari la mtumba. Hatusemi usinunue gari. Gari lina faida. Mgonjwa anafika hospitali ya Ndanda usiku huo huo. Mahindi yanafika sokoni Masasi. Maji yanafika nyumbani bila mama kubeba ndoo kichwani. Lakini gari hilo hilo linaweza kula shamba lako lote la mikorosho. Tumeyaona magari yaliyonunuliwa Novemba, na ilipofika masika yalikuwa yamekaa juu ya mawe, kuku wakitaga ndani.

Kila gari lina bei mbili. Bei ya kwanza ni ya kulinunua. Hiyo mnapatana na muuzaji, mnacheka, mnapeana mikono. Bei ya pili ni ya kuishi nalo. Hiyo huambiwi na mtu. Lazima uihesabu mwenyewe. Chukua kalamu na karatasi.

Tuseme una shilingi 8,000,000. Tuseme tena kwamba kilo ya korosho uliiuza kwa shilingi 2,500. Gawanya. Utapata kilo 3,200. Gunia moja ni kilo 80, kwa hiyo fedha yako ni magunia 40. Usisahau hesabu hiyo. Dalali akikutajia shilingi, wewe zigeuze kuwa magunia. Utaona vizuri zaidi.

Sasa tuje kwenye petroli. Magari mawili yamewekwa mbele yako. La kwanza ni dogo, injini yake ni sisi 1,300. Katika barabara zetu tuseme linakwenda kilometa 12 kwa lita moja. La pili ni kubwa, injini yake ni sisi 2,000, nalo linakwenda kilometa 8 kwa lita. Safari zako za wiki moja, ukizijumlisha, ni kilometa 96. Gari dogo litakunywa lita 8. Gari kubwa litakunywa lita 12. Kama lita ni shilingi 3,000, la kwanza ni shilingi 24,000 kwa wiki, na la pili ni shilingi 36,000. Tofauti ni shilingi 12,000. Kwa wiki 50 tofauti hiyo ni shilingi 600,000. Ni magunia 3 ya korosho kila mwaka, na wala hujanunua hata skrubu moja.

Bei ya petroli hubadilika. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA hutangaza bei ya juu kabisa ambayo kituo cha mafuta kinaruhusiwa kuuza, na kila mji una bei yake. Soma ya Masasi au ya Newala, usisome ya Dar es Salaam. Petroli ya chupa inayouzwa kando ya njia haimo katika orodha hiyo. Huijui bei yake ya kesho, na hujui imechanganywa na nini. Mwaka 2011 serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa kwa sababu watu walikuwa wakiyachanganya na mafuta ya magari. Kwa hiyo si maneno ya uzushi.

Baada ya petroli kuna oili. Injini ndogo inataka karibu lita 4, na mafundi wengi hushauri imwagwe kila kilometa 5,000. Kuna bima, ambayo ni lazima kwa sheria. Kuna matairi, betri, breki na bushi. Bushi hufa haraka sana katika njia zetu. Kwa hiyo usitumie fedha yote kununua gari. Robo yake ibaki. Kama una milioni 8, tafuta gari la milioni 6. Milioni 2 zikae benki kwa ajili ya kuandikisha gari kwa jina lako, kulikatia bima, na kutengeneza vile vibovu ambavyo muuzaji amevifunika. Vitakuwapo tu.

Jambo jingine ni kukopa. Muuzaji atakuambia, "Mzee, lipa nusu sasa, nusu utalipa msimu ujao." Usikubali upesi. Fedha ya korosho haina ahadi. Msimu wa 1973/74 nchi yetu ilivuna tani zipatazo 145,000 za korosho. Katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa yameshuka hadi chini ya tani 20,000. Hata ukivuna vizuri, malipo yanaweza kuchelewa. Mwaka 2018 wakulima walikataa bei ya mnadani. Serikali ikanunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wanajeshi wakazisomba. Bei ilikuwa nzuri, lakini wakulima wengi waliingia mwaka 2019 wakiwa bado wanasubiri fedha zao. Aliyekuwa na deni la gari alifanya nini? Gari likivunjika mwezi wa Juni, na nyumbani hakuna shilingi, yule wa kangomba anakuwa karibu na mlango. Anakupa fedha leo, na anachukua korosho ambazo bado ni maua, kwa bei anayotaka yeye. Ndivyo gari linavyokula shamba.

Tena, ndugu yangu, zungumza na mkeo kabla hujakwenda mjini. Korosho hizo aliziokota yeye, moja moja, mgongo ukiuma. Ana neno la kusema juu ya magunia 40.

Sasa ni gari la namna gani? Anza na kazi. Kama shida yako ni kupeleka mavuno mara moja kwa mwaka, kodi lori na wenzako, gari usinunue. Kama ni wewe na mkeo kwenda mjini, pikipiki itatosha. Lakini kama kila wiki una mizigo na watu, gari ni haki yako. Hesabu uzito. Dumu la lita 20 za maji ni kilo 20. Madumu 15 ni kilo 300, sawa na watu wazima wanne au watano. Gari dogo sana lenye injini ya sisi 660 linakunywa petroli kidogo, ni kweli. Lipakie kilo hizo 300, ulipandishe ukingo wa uwanda wa Makonde kuelekea Newala, kisha uliingize kwenye mchanga. Litalia kama mbuzi. Injini inayolazimishwa kila siku hunywa sana na hufa mapema. Kwa njia zetu, sisi 1,300 hadi 1,500 ni kiasi kizuri. Ndiyo maana unaziona Toyota Probox nyingi. Si gari la kupendeza, lakini huko Japani lilitengenezwa tangu mwaka 2002 kuwa gari la kazi na mizigo. Toyota IST nayo ina injini za ukubwa huo, ila nafasi ya mizigo ni ndogo. Usinunue gari lililoshushwa chini. Tuta la katikati ya njia litapasua chombo cha oili.

Kuna njia rahisi ya kujua gari lenye spea. Nenda kituo cha mabasi Masasi, kaa saa moja, hesabu magari yanayopita. Lile unaloliona mara nyingi ndilo lenye spea dukani na ndilo mafundi wanalolijua. Lile uliloliona mara moja tu, liache. Utaonyeshwa gari kubwa la Ulaya, viti vya ngozi, bei yake chini ya Toyota ndogo. Jiulize mwenye nalo ameona nini mpaka aliuze hivyo. Spea yake ipo Dar es Salaam, au haipo.

Gia za kujibadili zenyewe ni raha kwa dereva, lakini betri ikifa hulisukumi gari likawaka. Gari la gia za mkono vijana wanne wanalisukuma, linawaka, mnaondoka. Kijijini jambo hili si dogo.

Sasa umefika kwa muuzaji. Hapa ndipo kujua kusoma kunakulipa. Zamani mtu aliligonga gari kwa kiganja, akasema ni zima. Wewe lisome.

Soma kwanza namba ya gari. Watu husema, "Hii ni namba D," au "Hii ni namba E, mpya kabisa," na wanapandisha bei kwa herufi hiyo. Herufi hiyo inakuambia gari liliandikishwa lini Tanzania. Haikuambii lilitengenezwa lini. Gari la mwaka 2004 linaweza kuingia nchini baada ya miaka kumi na tano na likapewa namba mpya. Mwaka wa kutengenezwa umeandikwa kwenye kadi ya gari. Omba kadi. Soma mwaka. Soma ukubwa wa injini. Soma jina la mwenye gari, kisha mwombe muuzaji kitambulisho chake. Majina yasipofanana, uliza kwa nini, na usikubali jibu la "ni la shemeji yangu."

Halafu tafuta namba ya chesisi. Imegongwa kwenye chuma cha bodi. Isome herufi kwa herufi, tarakimu kwa tarakimu, ukilinganisha na kadi. Ikipishana hata tarakimu moja, au chuma kikionekana kimesuguliwa, ondoka. Usione haya.

Soma tairi. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne zilizozungushiwa mstari. Mfano: 2319. Maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi kuukuu laweza kuwa na meno mazuri na bado likapasuka njiani, kwa sababu mpira umekauka. Soma yote manne na la akiba.

Soma mita ya kilometa, lakini usiiamini peke yake. Mita hurudishwa nyuma. Tazama mpira wa pedeli ya breki. Kama mita inasema kilometa 60,000 na pedeli imelika hadi chuma, pedeli ndiyo inayosema kweli.

Fika asubuhi na mapema, injini ikiwa baridi. Gusa boneti. Ikiwa ni ya moto, muuzaji ameliwasha kabla hujafika ili liwake vizuri mbele yako. Ngoja lipoe. Fungua kifuniko cha kujazia oili. Ukiona utando kama maziwa, huenda maji yameingia kwenye oili, na ugonjwa huo ni wa gharama. Geuza ufunguo bila kuliwasha. Taa ndogo ya injini lazima iwake, kisha izimike gari likishawaka. Isipowaka kabisa, huenda mtu ameing'oa ili isimsengenye. Liwashe, utazame nyuma. Moshi wa bluu maana yake linakunywa oili. Moshi mweupe usiokwisha maana yake maji yanaingia ndani ya injini. Moshi mweusi maana yake petroli inapotea bure. Lala chini na tochi utafute kutu, hasa kama gari limekaa pwani.

Nenda na fundi wako, umlipe wewe. Fundi wa dalali analipwa gari likiuzwa. Dalali vilevile.

Mkikubaliana, usibebe fedha kwenye mfuko wa rambo. Lipeni kupitia benki. Andikeni mkataba mbele ya wakili, na mashahidi watie sahihi. Kabla ya fedha kutoka, ulizia kwa polisi wa usalama barabarani kama namba ya gari hilo ina faini, kwa sababu deni la faini hulifuata gari, halimfuati aliyeliuza. Hakikisha pia bima, ukisoma tarehe ya mwisho. Kisha nenda TRA pamoja na muuzaji mbadilishe umiliki. Uwe na namba yako ya mlipa kodi. Wengi huacha kazi hii kwa kuogopa ada. Wanazunguka na kadi yenye jina la mtu wa Dar es Salaam. Siku mtu huyo akifa, au akidai kwamba gari liliibwa, hawana pa kusimama. Ukipewa kadi mpya, soma jina lako kila herufi hapo hapo dirishani. Likikosewa, lirudishe kabla hujapanda basi la kurudi.