Daftari la Wiki: Kabichi Inayopumua

Stima imepotea mara tatu wiki hii. Mara ya tatu hakuna aliyepiga kelele mtaani, na hilo ndilo lililonitisha.

*

Jumamosi baada ya adhuhuri swahiba wangu wa chuo alishuka kwenye bodaboda hapa Pumwani, amekumbatia hotipoti tatu na mtungi wa kioo. "Sheikh," akasema hata kabla ya salamu, "binti yangu amekupikia Kikorea."

Binti huyo alianza na tamthilia za Kikorea akiwa sekondari. Sasa anasoma herufi zao kama sisi tulivyosoma juzuu.

Mimi na babake tumekula sahani moja tangu miaka ya tisini, ulipoingia chuoni mtindo wa kulipia kila mlo. Pesa za boom, mkopo wa wanafunzi, zilikuwa zikiisha mapema, basi tunanunua ugali na madondo ya mtu mmoja, tunachora mstari katikati kwa kijiko. Alikuwa akivuka mpaka. Anakanusha hadi leo.

Mtungini mlikuwa na kimchi. Msiogope jina, ni achari ya kabichi: inalazwa kwenye chumvi, inaoshwa, inapakwa pilipili, kitunguu saumu na tangawizi, kisha inaachwa ichache. Wakorea hutia na dagaa au uduvi wa chumvi. Binti ametia omena za Gikomba, zimesagwa. Babake, mtu wa Siaya, alinitazama kama aliyeshinda kesi ya shamba.

Tatizo lilikuwa pilipili. Yao ina wekundu mwingi na ukali wa kiasi. Binti alichukua kipimo chao akakijaza pilipili kichaa. Tulilia, wanaume wawili wa hamsini na ushei. Mke wangu akachungulia mlangoni akauliza nani kafa.

Na pilipili yenyewe si ya Korea wala si ya kwetu. Asili yake ni Amerika. Wareno wakianza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, Korea ilikuwa mwaka wa pili vitani na Wajapani, na ni karibu na zama hizo pilipili ilipofika kwao. Kwa hiyo yeyote atakayeniambia achari ya ndimu ni chakula cha asili na kimchi ni mambo ya vijana, aje tuhesabu.

Kisha gimbap, wali uliovingirishwa ndani ya mwani. Wakorea wana mchele wa kushikamana. Binti alitumia pishori ya Mwea, na pishori ina maringo, kila punje inajitegemea. Ukikiinua kipande, unabaki na mwani mkononi na wali mapajani. Mke wangu aliona huo ndio wali uliopikwa sawasawa, na kwamba kosa ni la aliyetaka kuuvingirisha.

(Mwani! Huu ndio ugomvi wangu. Watoto wa Nairobi wanalijua jina la Kikorea na la Kijapani, la kwao hawalijui, na hapo Kibuyuni, Kwale, kina mama wanaulima baharini. Si aina moja na ule wa Wakorea, sawa. Lakini jina tunalo.)

Nilikuwa bado sijauliza kama chakula ni halali. "Nyama ni ya ng'ombe, nimenunua mwenyewe kwa bucha wenu," akasema swahiba wangu. Rojo ya pilipili ya Kikorea ya dukani, binti aliiacha rafuni baada ya kusoma kibandiko na kukuta neno la pombe. Akasaga yake. Nikala kimya kwa muda, na safari hii haikuwa pilipili.

Vijiti vya kulia tuliviweka kando. Tulimwaga vyote kwenye sinia, na kwa kijiko nikachora mstari.

Alivuka.

*

Nimeingizwa kwenye kundi la WhatsApp la harusi ya watu nisiowajua. Nimetoa elfu moja. Naogopa kutoka.

*

Gikomba, belo za mitumba za Korea zinapendwa siku hizi. Jumatatu nilimwona kijana wa mkokoteni, kifua kama mlango, amevaa jaketi ya manjano yenye maandishi ya Kikorea mgongoni. Nikampiga picha kwa ruhusa yake, nikaituma kwa binti. Jibu: ni sare ya walimu wa chekechea. Nilipomweleza alifikiri kidogo, akasema, "Basi hawa wote niwaiteje, wanafunzi?" na akausukuma umati.

*

Alhamisi tumemzika mzee aliyekuwa akituuzia mbaazi. Mama yake alimbeba mgongoni kuja Pumwani kijiji cha Pangani, hapa Nairobi, kilipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na maisha yake yote aliendelea kuita huku "ugenini". Swahiba wangu alikuja. Tulipoingia msikiti wa Riyadha kumswalia, alibaki nje akilinda viatu vyetu, na tulipotoka alikuwa amevipanga jozi kwa jozi.

*

Ule mtungi ulibaki kwetu, jikoni. Kimchi ikiwa haijamaliza kuchacha, hutoa hewa. Usiku wa Ijumaa, stima haipo, tulisikia kitu kikifanya ssss, ssss. Mke wangu akasema ni nyoka. Mimi nikasema ni gesi. Tulitoka nje na blanketi, na jirani akatoka, na jirani wa jirani, mpaka mtoto mmoja akaingia na tochi, akafungua kifuniko, akaonja.

Akaomba maji.