Kilo Zilizorudi Si Ushahidi wa Ulafi

Mtu akipungua kilo 20, kila anayekutana naye humpongeza. Kilo zikirudi, walewale waliompongeza huwa wa kwanza kumsema: kashindwa na mdomo wake, hana msimamo. Kwamba unene hupima tabia ya mtu ni imani iliyozagaa mitaani, ofisini, hata katika vyumba vya madaktari. Ni imani ya kikatili, tena ya uongo.

Novemba 2024, jarida la Nature lilichapisha utafiti wa chuo kikuu cha ETH Zürich, Uswisi. Watafiti walichunguza mafuta ya mwilini ya watu wanene sana kabla ya upasuaji wa kupunguza uzito, kisha miaka 2 baadaye, walipokuwa wamepungua sana. Ndani ya seli zao za mafuta, jeni kadhaa zilikuwa bado zinafanya kazi kama enzi za unene. Kwa panya walichimba zaidi. Wakakuta kwamba alama za epijenetiki, yaani zile kemikali zinazokaa juu ya DNA na juu ya protini zinazoikunja, zikiamuru jeni ipi ifanye kazi na ipi inyamaze, hazikufutika panya walipokonda. Panya hao waliporudishiwa chakula chenye mafuta mengi, walinenepa upesi kuliko wenzao ambao hawakuwahi kuwa wanene. Panya hana msimamo wa kupoteza. Mwili wake ulikuwa na kumbukumbu.

Wapo ambao mwili wao ulianza kuelekezwa kwenye unene hata kabla hawajazaliwa. Katika majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, jeshi la Ujerumani lilizuia chakula kuingia magharibi mwa Uholanzi, na mgawo wa mtu ukashuka chini ya kalori 1,000 kwa siku. Mwaka 1976, uchunguzi wa vijana wa Uholanzi wapatao 300,000 waliopimwa afya kwa ajili ya jeshi la nchi yao ulionyesha kuwa wale ambao mama zao walishinda njaa katika nusu ya kwanza ya ujauzito walikuwa na visa vingi zaidi vya unene uliokithiri. Mwaka 2008 watafiti wengine walikuta kwa watu waliotungwa mimba wakati wa njaa ile, miaka 60 baadaye, alama pungufu kwenye jeni ya IGF2 kuliko kwa ndugu zao wa tumbo moja. Alama hiyo peke yake haithibitishi kwamba ndiyo iliyowanenepesha, lakini inathibitisha kuwa njaa ya mama huacha chapa kwa mwana.

Nitajibiwa kwamba haya ni kuwapa watu kisingizio. Sikubali. Utafiti mkubwa wa mwaka 2016, uliopima damu ya watu zaidi ya 10,000, ulionyesha kuwa sehemu kubwa ya alama za epijenetiki zinazohusiana na unene huletwa na unene wenyewe. Basi kinga ianze mapema: lishe ya mjamzito, chakula cha mtoto, soda zinazouzwa mlangoni mwa shule. Na aliyekwisha kunenepa bado anafaidika kwa mazoezi na mlo mzuri, maana moyo na sukari yake hunufaika hata mizani isiposogea.

Anachohitaji mtu mnene kliniki ni kile anachopata mgonjwa wa presha: miadi, dawa ikibidi, ufuatiliaji wa miaka. Leo anapewa mahubiri, na mwezi unaofuata harudi.