Threads: Tusihame Kabla ya Kujua Ufunguo Uko kwa Nani



Tangu Alhamisi ya tarehe 6 Julai 2023 simu yangu haijapumzika. "Mko Threads?" "Mbona hatuwaoni Threads?" Kuna dada mmoja wa kamati ameniandikia mara tatu, mara ya tatu kwa hasira kidogo, kwamba tukizubaa jina letu litachukuliwa na mtu mwingine. Hapo ana haki, nitamrudia. Lakini wengine wanasema tuhamie huko kabisa. Tuache Twitter, tuhamishe matangazo, mijadala, malalamiko ya watu, kila kitu, manake ati huko ndiko dunia iliko sasa. Mimi kwenye grupu nilijibu "hapana", watu wakanuna. Basi wacha nieleze kwa urefu, halafu mninunie mkiwa na sababu.

Kwanza, sijaja kuitetea Twitter. Elon Musk alipoinunua Oktoba 2022 kwa dola bilioni 44, hata mwezi haukupita kabla hajawafuta kazi karibu wafanyakazi wote wa ofisi ya Accra, ambayo ndiyo ilikuwa ofisi yao ya pekee Afrika nzima. Na mwanzo wa Julai 2023 kaja na jipya: akaunti isiyolipiwa isome posti 600 kwa siku, iliyofunguliwa juzi isome 300. Baadaye akaongeza kidogo, lakini ujumbe tulishaupata. Kijana amenunua bando lake la shilingi ishirini, bando halijaisha, yeye kaambiwa amefika kikomo. Mtu akikasirika na kutafuta pa kwenda simlaumu.

Hapo ndipo Mark Zuckerberg alipofungua mlango wake. Siku tano, watu milioni 100. Hiyo namba ndiyo inayowapagawisha watu, na mimi pia ilinitikisa, siwezi kusema uongo. Lakini hebu tazama walivyofika. Mwaka 2023 hukuweza kuingia Threads bila akaunti ya Instagram. Ukishakuwa nayo unabonyeza mara moja, jina linahama, picha inahama, na unaowafuata unaweza kuwafuata tena wote kwa mpigo. Ni kama mwenye jumba la wapangaji kafungua duka chini ya ngazi, halafu kila mpangaji anayeshuka kwenda zake anahesabiwa mteja.

Sasa uliza kuhusu kutoka. Wakati wa uzinduzi, Julai 2023, uliweza kuizima akaunti ya Threads isionekane. Ukitaka kuifuta kabisa, ilikuwa lazima ufute na Instagram yako. Nawajua dada zetu wangapi wanaouza mabuibui, keki na hina kwa Instagram? Wateja wote wako pale, oda ziko pale. Dada kama huyo aliyeingia Threads wakati huo kwa udadisi tu wa usiku mmoja, kutoka kwake kungemgharimu biashara. Kwani nani huweka mlango wa namna hiyo kama si mtu aliyekusudia usitoke?

Na mmejiuliza kwa nini nchi za Umoja wa Ulaya hazikuwa na Threads ilipozinduliwa Julai 2023? Ufaransa, Ujerumani, Italia, wote walikuwa bado. Si kwamba hawakuitaka. Kampuni yenyewe ilishikilia kuifungua huko kwa sababu ya sheria zao za mitandao na data ambazo haikuwa na uhakika nazo. Mei 2023 Ireland iliipiga Meta faini ya euro bilioni 1.2 kwa kupeleka data za watu wa Ulaya Marekani. Bilioni, si milioni. Sisi nasi tuna sheria yetu ya kulinda data ya 2019, na kamishna tunaye. Lakini huku programu ilifunguliwa siku ile ile ya kwanza, na sisi tukakimbia kuwa wa mbele. Huko walisubiri maswali yajibiwe, huku hata swali hatukuuliza.

Lakini hayo yote ningeweza kuyameza. Lililonifanya niandike ni jingine.

Adam Mosseri, mkuu wa Instagram ambaye mwaka 2023 ndiye aliyeisimamia Threads, alisema wazi siku ya pili tu baada ya uzinduzi kwamba siasa na habari nzito zitaonekana humo kwa sababu haziepukiki, ila wao hawatafanya lolote la kuzihimiza. Hoja yake ilikuwa kwamba faida yake haitoshi kufidia lawama na usumbufu unaoandamana nazo. Alitaka michezo, muziki, mitindo, urembo, burudani.

Soma tena. Sisi ni akina nani? Sisi ni watu wa kijana aliyekamatwa na hajulikani yuko kituo gani. Sisi ni watu wa shamba lililouzwa na wenyewe hawana habari. Kwa lugha ya Mosseri sisi ndio huo usumbufu. Mwenye nyumba alisimama mlangoni akasema mazungumzo yenu sitayapa nafasi, nasi tukamwambia haidhuru, tunahamia na vyombo vyote!

Na Julai 2023 Threads haikuwa na hata hashitegi. Ukitafuta, ulitafuta jina la mtu, si neno. Kilichokuja mbele ya macho yako kilichaguliwa na mtambo, ukichanganya unaowafuata na usiowajua. Siku ya Saba Saba ya 2023 niliifungua kwa muda kupitia simu ya rafiki, nikitaka kujua hali ya mjini. Nilipata watu wakiulizana kama Threads itaiua Twitter, na bwana mmoja anapika pasta. Nikarudi kule kule kwa Musk, nikajua barabara gani imefungwa.

Kuna atakayesema mtambo hauna ubaya na mtu. Mei 2021, wakati wa Sheikh Jarrah na yaliyotokea ndani ya msikiti wa Aqsa, wengi wenu mnakumbuka posti zilivyokuwa zikipotea. Mlidhani ni simu. Meta yenyewe iliagiza uchunguzi kwa shirika la nje liitwalo BSR, ripoti ikatoka Septemba 2022. Ikasema maandishi ya Kiarabu yalikuwa yakiondolewa kupita kiasi, na ya Kiebrania yalikuwa hayaguswi inavyopasa. Ikasema pia kwamba hashitegi ya AlAqsa ilizuiwa kwa sababu mfanyakazi wa kampuni ya nje alikosea alipoichukua kwenye orodha ya serikali ya Marekani yenye jina la kundi la wapiganaji. Msikiti wa tatu kwa utukufu, kosa la mtu mmoja na orodha moja, na sauti za watu zikakatwa wakati ambapo zilihitajika zaidi.

Na Kiswahili chetu je? Julai 2022, uchaguzi ukiwa mlangoni, Global Witness na Foxglove waliwajaribu. Walipeleka matangazo ya kulipia kwa Facebook yenye maneno ya chuki ya kweli, yale ya kuchochea kabila dhidi ya kabila, kwa Kiswahili na Kiingereza. Ya Kiswahili yakapitishwa. Ya Kiingereza yalikataliwa mwanzo, mnajua kwa nini? Sarufi na matusi. Yaliporekebishwa kidogo, nayo yakapitishwa. Waliyaondoa wenyewe kabla hayajaonekana na mtu. Tume ya NCIC ikatoa siku saba kampuni ijirekebishe. Kwa hivyo neno la msikiti linafungiwa na neno la kuchinja jirani linapita, mradi limeandikwa kwa sarufi nzuri.

Sasa tuseme umeonewa, unataka kulalamika. Wapi? Waliokuwa wakikagua posti za Facebook za ukanda wetu walikuwa hapa hapa Nairobi, wakiwa wameajiriwa kupitia kampuni nyingine. Jarida la Time liliandika Februari 2022 kwamba wengine walilipwa dola moja na nusu tu kwa saa, kazi yao ikiwa kutazama watu wakichinjwa na watoto wakinajisiwa kutwa nzima. Wameshtaki. Meta ikajibu kwamba haina makao Kenya, korti ya hapa haiwezi kuisikiliza. Februari 2023 korti ya kazi ikakataa hoja hiyo, na tarehe 2 Juni 2023 ikazuia wasifutwe kwanza na kuagiza wapewe matibabu ya akili. Julai 2023 kesi ilikuwa bado inaendelea. Lakini kama mtu aliyeikalia kazi hiyo miaka anaambiwa "hatuko Kenya", wewe mwenye akaunti ya bure utaambiwa nini?

Nitawaambia jibu, manake mimi nililipata. Sitautaja mtandao wenyewe, haina maana sasa.

Kabla sijajiunga na harakati hii tulikuwa na kikundi cha mtaa. Kazi yetu ilikuwa vitambulisho. Kwa msiojua: kijana wa Kiislamu wa Pwani, wa Kaskazini Mashariki au wa Eastleigh akifika miaka 18 wakati ule alikuwa hapewi kitambulisho hivi hivi, aliwekwa mbele ya kamati ya vetting, akaulizwa cheti cha babu. Babu aliyezaliwa chini ya mkoko! Tulifungua ukurasa, watu wakawa wanatuandikia humo: nimepelekwa mbele ya kamati lini, nimeambiwa nilete nini, nirudi tarehe ngapi. Tulikuwa na kesi 41. Picha za fomu, majina ya wazee waliokubali kuwa mashahidi, miaka karibu mitatu ya kazi, vyote vilikuwa ndani ya ukurasa. Tuliona ni salama, hakuna karatasi ya kulowa mvua.

Asubuhi moja tukakuta ukurasa umefungwa. Kanuni za jamii zimekiukwa. Kanuni ipi, haikusemwa. Tukabonyeza kitufe cha rufaa, jibu likaja haraka mno kuwa la mwanadamu: uamuzi ni wa mwisho. Kesho yake mama mmoja akanipigia. "Mwanangu, ile tarehe mliyoniandikia ya kurudi kwa chifu ilikuwa lini vile?" Nikanyamaza. Nikamwambia nitampigia, na sikuwa na cha kumpigia nacho. Huyo angalau alikuwa na namba yangu. Wengine zaidi ya thelathini hatukuwa na namba zao kabisa, tuliwajua kwa majina ya ukurasani. Kuna kijana najua alikosa nafasi ya chuo mwaka ule kwa sababu ya kitambulisho. Huenda angekosa hata ukurasa ungekuwepo. Sijui. Bado nikipita kwao nageuza uso.

Najua mtakachosema: wewe mbona unaandika haya kwenye mtandao wa hao hao? Kweli. Na grupu letu la WhatsApp pia ni la hao hao. Sijasema tuzime simu turudi kupiga mbiu. Nasema tusiwaongezee chumba cha tatu bila kujua tunafuata nini, na hivi viwili tulivyo navyo tuvitumie kama ukuta wa matangazo, si kama kabati la hati. Ukuta ukibomolewa tunabandika kwingine. Kabati likichukuliwa, mnajua sasa.

Mastodon nimeijaribu wiki mbili. Haina mwenyewe mmoja, kila mtu anajiunga na mtambo wa watu anaowachagua, na hilo nimelipenda. Ila Wakenya niliowakuta tunajuana hawafiki watano, na kumweleza kijana wa Likoni achague seva kabla ya kusema salamu ni mtihani. Labda siku moja. Bluesky mwaka 2023 ilikuwa bado ni kwa mwaliko, sikuwa na mwaliko.

Kwa hivyo nimependekeza hivi kwenye kamati, na aliye na bora alete. Threads tusajili jina, dada alisema kweli, matapeli wapo na mwezi wa mchango watu wataibiwa kwa jina letu. Tuweke posti moja inayosema tunapatikana wapi, basi. Yeyote mwenye biashara Instagram asisajili kwa akaunti hiyo. Hakuna fomu, hakuna jina la mlalamikaji, hakuna picha ya mtoto kupelekwa huko wala kuachwa kwenye inboksi yoyote. Kesi ikiingia kwa mtandao, siku hiyo hiyo inaandikwa daftarini na namba ya simu, na nakala inawekwa kwenye flashi mbili zinazokaa nyumba mbili.

Daftari nimeshanunua, la kurasa 200, lina jalada gumu. Jumamosi baada ya Asr tukutane pale pale, kila anayeshika eneo aje na majina na namba za watu wake, hata kama ni watano. Wenye kesi za vetting mje na nakala za karatasi. Jina la Threads tulilisajili jana usiku kwa laini ya ofisi, na neno la siri liko kwa dada wa kamati. Asinitumie mimi kwa WhatsApp.