Mama akifungwa, nani hulipa?

Kitengela unamjua huyu: mama wa ploti anayeuza chang'aa apate kodi na karo. Msako ukimnasa, safari ni ya kituo cha polisi, kisha korti. Sheria ya kudhibiti vileo ya 2010 haiangalii jinsia: kuuza pombe bila leseni ni faini hadi Sh500,000 au jela hadi miaka 3.

Usawa, sivyo? Hebu tulia. Kwa mtu hana doo, hiyo "au" ni urembo tu. Atafungwa. Na hafungwi peke yake. Sheria ya Magereza inaruhusu mtoto wa chini ya miaka 4 akae ndani na mamake. Yule wa miaka 6 anabaki ploti, kwa nyanya akibahatika, kwa jirani asipobahatika.

Dawa iko, tena tangu 1998: Sheria ya Huduma kwa Jamii. Kosa ambalo kifungo chake hakizidi miaka 3, hakimu anaweza kuamuru mtu afanye kazi ya umma bila malipo, jioni arudi kwake. Kanuni za Bangkok, zilizopitishwa na UN 2010, zinasema mama mwenye watoto wanaomtegemea apewe adhabu ya nje inapowezekana.

Sisemi chang'aa ni uji. Lakini mtu wako akipatikana na hatia huko Kajiado, asiishie kwa "naomba msamaha." Aiambie korti ana watoto wangapi, umri gani, nani anawalisha, na aombe ripoti ya afisa wa probesheni kabla ya hukumu. Hakimu hawezi kupima asichoambiwa.