Laptop Nzito si Laptop Mfu

Mwandishi aliyetushauri tuuze kila laptop nzito na kununua mpya, eti kuongeza RAM ni kutupa hela, angefungua Task Manager kwanza. Mashine ya GB 4 ikirundikiwa tabo za Chrome huishiwa memori, na Windows huanza kuhamishia data kwenye diski, ambayo ni ya polepole mno kuliko RAM. Hapo ndipo kila kitu kinaganda. Prosesa inasingiziwa bure.

Na kuongeza RAM si kazi kubwa. Chukua ThinkPad T480 ya 2018. Zima betri ya ndani kupitia BIOS, legeza skrubu za chini, banua mfuniko taratibu (kadi ya benki iliyokwisha muda inafaa), utaona sloti mbili za RAM aina ya DDR4. Chomeka kipande cha RAM kwa mshazari, kibonyeze mpaka vibanio vya pembeni vilie ka! Basi.

Nakubali, MacBook Pro za Retina, tangu 2012, RAM yake imelehemiwa kwenye ubao. Na DDR3 haiingii kwenye sloti ya DDR4. Kwa hiyo, msomaji, kabla hujatoa hela, mwulize fundi: sloti ngapi, na za aina gani?