Shingo ya Mtoto Nayo Ikaguliwe

Mlaze chali mtoto wa miezi miwili, umgeuze kichwa taratibu kuelekea kulia. Mara nyingi mkono na mguu wa kulia vitanyooka na vya kushoto vitakunjwa, mithili ya mwindaji avutaye upinde. Huku Bulwa wapo wanaoona hivyo wakadhani ni degedege. Sivyo.

Ndani ya misuli na viungo vya shingo mna neva zinazoupasha ubongo habari: kichwa kimegeukia wapi kikilinganishwa na kiwiliwili. Sikio la ndani nalo hueleza kichwa kimeinama kiasi gani. Ubongo huunganisha habari hizo, ukakaza misuli hii na kulegeza ile ili mwili usianguke. Ndiyo maana mama ateremkaye mlima wetu wenye utelezi, ndoo kichwani, hahitaji kufikiria kila hatua. Rudolf Magnus na mwenzake de Kleijn waliieleza kazi hiyo ya shingo mwaka 1912 huko Utrecht, Uholanzi.

Kwa mtoto mchanga ubongo haujakomaa, hivyo shingo hutawala waziwazi. Kufikia miezi 6 hivi hali hiyo hufifia, naye huanza kuleta mikono kinywani na kujigeuza.

La kuhofia ni mtoto ambaye shingo yake haimwachii: kila akigeuka hunasa katika mkao ule, au amepita miezi 6 na bado yuko vile, ngumi amezifumba, miguu hukakamaa akiogeshwa. Huenda ni mtindio wa ubongo. Hutokea, kwa mfano, mtoto akichelewa kupumua alipozaliwa, au akipata manjano kali. Si jicho la jirani.

Kwa maoni yetu, kliniki za watoto zimekuwa za mizani mno. Uzito, sindano, kadi, haya anayefuata! Mtoto mnene hupita hivyo hadi anatimiza mwaka hajakaa. Kumlaza na kumgeuza shingo hakumalizi hata dakika mbili. Na mama akisema mwanawe ana ukakamavu, asijibiwe tu kwamba watoto hawalingani.

Akina baba, toeni nauli ya kuteremka Muheza, au Bombo kule Tanga, mapema. Mazoezi hayaponyi ubongo, lakini humsaidia mtoto kukaa na kula vizuri zaidi. Nyumbani, mpakateni kichwa kikiwa katikati, mikono yote miwili ikiletwa mbele aione.