MANAMBA WA KOMPYUTA

Kijana wa mjini siku hizi anaimbiwa wimbo mmoja tu: soma kompyuta, utatoka. Waziri anauimba, mfadhili anauimba, na mwenye chuo cha vyumba viwili ghorofani juu ya duka la simu anauimba huku akipokea ada. Akishatoka anatokea wapi? Hapo wote kimya.

Vijana wenzangu, hebu tutupie macho Nairobi, maana yanayopikwa kwa jirani hayachelewi kupakuliwa kwetu.

Pale Nairobi kampuni iitwayo Sama iliajiri vijana kuchuja picha na maneno yanayotupwa kwenye Facebook. Walitoka Kenya, Afrika Kusini, Ethiopia na kwingineko, wakitafutwa kwa ajili ya lugha zao. Kazi yenyewe ni kukaa mbele ya kompyuta kutwa nzima kutazama watu wakichinjwa, watoto wakinajisiwa, maiti zikiburutwa, ili mimi na wewe tukifungua simu tusiyaone. Kwa mujibu wa gazeti la Time la Marekani la Februari 2022, walitakiwa kukata shauri katika wastani wa sekunde 50 kwa kila kitu walichoonyeshwa, na wapo waliopata kama dola moja na nusu kwa saa. Sekunde 50! Hata hakimu wa mahakama ya mwanzo hakati kesi ya kuku kwa haraka hiyo.

Kijana mmoja wa Afrika Kusini, Daniel Motaung, alithubutu mwaka 2019 kuwakusanya wenzake wadai haki zao. Akafukuzwa kazi. Mei 2022 akawaburuta mahakamani Sama pamoja na Meta, wenye Facebook. Kampuni zimekana kwamba ziliwatendea vibaya, na Meta ikashika wimbo wake: hawa si wafanyakazi wetu, sisi tuko Marekani.

Hapo ndipo penye changa la macho. Bosi yuko ng'ambo, faida inakwenda ng'ambo, lakini siku kijana akiugua anaambiwa kamdai nyapara. Wazee wa Tanga wanaujua mchezo huu. Enzi za mkoloni wenye mashamba ya mkonge walikuwa na ofisi yao ya kuwakusanyia watu, SILABU, iliyoanza mwaka 1944. Ilizoa watu kutoka mikoa ya mbali, wakapandishwa magari, wakapewa namba na kipande. Ndio manamba hao. Leo manamba ana shahada na anakwenda kazini amevaa shati la kunyoosha. Kipande chake ni mkataba wa kufunga mdomo, ambao wengi walitiwa wausaini, wasiseme nje wanachokiona ndani. Na kwa mgeni kuna kitanzi kingine: kazi ikikatika, kibali cha kuishi nchini nacho hatarini.

Tusidhani ni Facebook peke yake. Hii akili bandia inayosifiwa kila kona nayo ina jasho la Nairobi. Januari 2023 Time lilifichua kwamba OpenAI, wenye ChatGPT, waliipa Sama kazi ya kusoma na kupanga maandishi machafu ili mashine ijifunze kuyakwepa. Mkataba ulitaja dola 12.50 kwa saa. Kijana alipata kati ya dola 1.32 na 2. Piga hesabu ya zamu ya saa tisa: dola 112 na nusu kwa kampuni, dola 12 hadi 18 kwa msomaji. Sama walijitetea kwamba zile nyingine ni gharama za kuendesha shughuli. Sawa, ofisi hulipiwa pango na umeme. Lakini huo umeme una bei gani jamani?

Kwa haki, vijana wale hawakulala. Mwanzoni mwa 2023 Sama ilipotangaza kuachana na kazi ya uchujaji, zaidi ya 180 walikwenda mahakamani. Mei Mosi mwaka huo zaidi ya 150 walikutana Nairobi wakapiga kura ya kuunda chama chao. Juni jaji akasema, katika uamuzi wa awali, kwamba mwajiri halisi ni Meta. Meta wakakata rufaa, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ikasema wanaweza kushitakiwa Kenya. Desemba zikawasilishwa taarifa za daktari wa akili wa Hospitali ya Kenyatta: zaidi ya watu 140 aliowapima wamekutwa na maradhi ya akili yatokanayo na mambo ya kutisha waliyoyaona.

Na mwaka huohuo 2024 muswada ukafikishwa Seneti ya Kenya, wa kuwakinga wateja wa ng'ambo wasidaiwe na vijana wa aina hii. Yaani kijana ameshinda raundi moja, wakubwa wanataka kubadili sheria za mchezo.

Kwa hiyo siku mkubwa wa hapa kwetu akikata utepe kwenye jengo la vioo na kututangazia maelfu ya ajira za dijitali, tusikimbilie kupiga makofi. Tumuulize mwenye jengo ni nani na mwenye kazi ni nani. Kijana akidhulumiwa anamshitaki yupi, kwenye mahakama ya nchi gani? Daktari wa akili analipwa na nani, na kwa miezi mingapi baada ya mkataba kwisha? Ruhusa ya kujiunga na chama cha wafanyakazi imeandikwa ukurasa wa ngapi? Na ajibu kabla hajapanda gari.